WhatsApp Business kwa kikundi chetu cha uji wa shule: naipa nyota nne

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa Tanga. Tunapika uji wa asubuhi kwa wanafunzi wa shule moja ya msingi, siku zote za masomo. Unga, sukari na kuni vinatokana na michango ya waliosoma hapo zamani: wapo Dar, wapo Muscat, wengine wanakaa nyuma ya shule yenyewe.

Zamani tulichangishana kwenye grupu. Kila mwisho wa mwezi mweka hazina alibandika orodha, juu kabisa wa elfu hamsini, chini kabisa wa elfu mbili. Wa elfu mbili wakaanza kutoka mmoja mmoja bila kuaga. Sikujua sababu mpaka nilipokutana na mmoja wao sokoni, mtu ambaye hakuwa akikosa mwezi. Akaniambia, "Dada, naona haya jina langu kuwa la mwisho kila mara." Iliniuma mno.

Kabla ya hapo tulishamlipa kijana atufungulie ukurasa na kuutangaza. Laiki zilikuja, michango haikuja.

Ndipo nikaingia WhatsApp Business, ambayo ipo tangu 2018 na kuipakua ni bure. Orodha ya matangazo unaipata hata kwenye WhatsApp ya kawaida: unaandika mara moja, ujumbe unaingia kwa kila mtu peke yake, na akijibu unamwona wewe tu. Siku hizi wa elfu mbili anashukuriwa kwa jina lake, faraghani, maneno yaleyale anayopata wa laki.

Ila lebo, yaani alama unazobandika kwenye mazungumzo ya kila mtu, ndizo zilizonifanya nihame. Nina tatu: Kaahidi, Katoa, Bado Shukrani. Hiyo ya mwisho naifungua kila jioni baada ya Magharibi na silali mpaka iwe tupu. Kuna pia majibu ya haraka. Nikiandika mkwaju (/) na neno "lipa", unakuja ujumbe mzima wenye lipa namba yetu na jina litakalotokea kwenye simu ya mchangiaji kabla hajaweka namba ya siri. Jina hilo msiliache, maana watu wametapeliwa sana kwa kisingizio cha michango.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu orodha moja haizidi watu 256, na tangazo halimfikii ambaye hajasevu namba yako. Hilo la pili nilikuwa silijui. Mwezi wa kwanza nilituma kwa watu 140, wakajibu wachache, nikadhani wametususa, kumbe mimi ndiye sikuwaambia wasevu. Sasa mtu akichangia mara ya kwanza namwomba hilo kabla ya jingine lolote. Na wazee wetu wenye vitochi bado tunawatumia SMS, hakuna njia nyingine.

Kuhusu picha, mimi natuma sufuria, magunia na risiti ya duka. Nyuso za watoto situmi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo, mtoto amekuja kunywa uji, hakuja kuonyeshwa umaskini wake. Wala hatujapungukiwa kwa hilo. Risiti ya kilo hamsini za sukari, imekunjamana na ina alama ya kidole cha unga, ilijibiwa na watu wengi kuliko picha yoyote niliyowahi kutuma. Watu wanataka kuona hela yao imefika dukani.

Yule dada wa sokoni amerudi. Mwezi uliopita alituma elfu mbili yake na ujumbe wa sauti akiuliza kama uji tunautia tangawizi. Nikamjibu kwa sauti pia: tunatia, ya kusaga wenyewe.