Nimerudi kwenye Pascal: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na Lazarus

Kompyuta yenyewe iko kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, Tanga mjini. RAM yake GB 2, Windows 7 ya biti 32, na feni inanguruma kwa vumbi la saruji. Mwenye duka ni mama ambaye kwa miaka mingi hesabu zake zilikaa kwenye madaftari makubwa yenye jalada gumu. Alinipa kazi ya kumtengenezea programu ya mauzo na stoo kwa sharti moja: "Mwanangu, mashine ni hiyo hiyo. Nikipata hela ya kununua nyingine, naongeza mabati."

Niliona ana haki. Mashine inawaka, inapiga chapa, haijawahi kumsumbua. Kwa nini aitupe kwa ajili yangu?

Toleo la kwanza nililitengeneza kwa njia niliyoizoea: kurasa za wavuti zinazofungwa pamoja na kivinjari kizima ndani ya Electron. Kwenye laptopu yangu lilipendeza. Nilipolipeleka dukani halikufunguka kabisa. Electron iliacha kuihudumia Windows 7 tangu toleo la 23, mwaka 2023, na mimi sikuliangalia hilo kabla ya kuanza kazi. Nikageukia lugha nyingine za kuandikia programu. Python inayokubali Windows 7 inaishia 3.8. Go, kuanzia 1.21, inataka Windows 10. Rust nayo ilipandisha kiwango ilipofika 1.78. Siwalaumu wenye miradi hiyo. Microsoft yenyewe iliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na hakuna anayeweza kubeba mzigo wa zamani siku zote. Lakini malipo ya awali nilikuwa nimeshapokea, na mama alikuwa ananisubiri.

Ndipo nikakumbuka Pascal, lugha ya zamani ya kuandikia programu. Niliisoma chuoni, kwenye skrini ya bluu ya Turbo Pascal, tukiandika programu za kupanga alama za mtihani. Baada ya hapo sikuigusa tena. Niliamini imeshazikwa. Rafiki yangu mmoja wa Arusha, anayetengeneza mifumo ya maduka ya dawa, ndiye aliyeniambia nishushe Lazarus. "Jaribu wiki moja tu," akasema. Nimekaa nayo mwaka.

Kwa asiyeijua: Lazarus ni chombo cha kuandikia programu chenye fomu, vitufe na majedwali unayoyaburuta kwa kipanya, kisha unaandika msimbo wa kila tukio kwa lugha ya Object Pascal. Chini yake kuna kompaila (kinachogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) iitwayo Free Pascal, iliyoanzishwa na Mjerumani Florian Klämpfl mwaka 1993. Lazarus yenyewe ilianza 1999, na jina ni la Lazaro yule wa Biblia aliyefufuliwa, kwa kuwa mradi ulitoka kwenye mwingine, Megido, uliokuwa umekufa. Vyote viwili ni vya bure, na leseni ya maktaba zake inakuruhusu kuuza programu yako bila kuutoa hadharani msimbo wako. Mimi natumia toleo la 4.0 lililotoka 2025, likiwa na Free Pascal 3.2.2.

Jambo la kwanza lililonigusa ni bando. Unashusha kifurushi kimoja, kompaila imo ndani, mwongozo umo ndani, na baada ya hapo intaneti huihitaji tena. Nimezoea miradi ambayo kabla ya kuandika mstari mmoja inashusha maelfu ya mafaili madogo madogo. Huku nilifanya kazi siku mbili kijijini kwa bibi, Muheza, bila mtandao, na kazi ikaenda. Niliongeza kifurushi kingine kidogo cha kunitolea programu za biti 32 kutoka kwenye laptopu yangu ya biti 64, basi.

Ukibonyeza kitufe cha kuendesha, sekunde chache programu imesimama mbele yako. Hakuna mkalimani anayekaa kati ya programu na mashine: kinachotoka ni lugha ya mashine tupu, faili moja la exe. Faili langu la kwanza lilikuwa na zaidi ya MB 20 nikashtuka, kumbe ni taarifa za kutafutia hitilafu zilizobebwa humo. Nilipoziondoa kwenye mipangilio ya mradi likashuka hadi MB 4. Nikalitia kwenye flashi, nikaenda dukani, nikalibonyeza mara mbili kwenye kaunta ile ile. Likafunguka kabla sijaondoa mkono kwenye kipanya. Nikaangalia matumizi ya RAM: MB 15 na kidogo.

Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka kumi na sikumbuki mara ya mwisho kufurahi hivyo mbele ya kompyuta.

Sasa niingie kwenye hesabu, maana duka ni hesabu. Misumari inauzwa kwa kilo, na mteja anataka robo. Nyaya zinauzwa kwa mita, na mtu anataka mita saba na nusu. Ukitumia namba za desimali za kawaida za kompyuta, mabaki madogo yasiyoonekana yanajikusanya, na mwisho wa mwezi jumla ya daftari na jumla ya mashine zinapishana kwa shilingi kadhaa. Shilingi hizo ndizo zinazomfanya mwenye duka amtilie shaka kijana wa kaunta. Object Pascal ina aina ya namba iitwayo Currency: ndani yake ni namba nzima ya biti 64 yenye nafasi nne za desimali zilizofungwa. Robo kilo kwa bei ya 4,500 inatoka 1,125 kamili, leo na mwakani. Maktaba za kazi hiyo zipo kwenye lugha nyingine pia, lakini hapa imo ndani ya lugha, unaitaja tu kama unavyotaja namba nzima.

Kingine ninachokipenda ni kwamba Pascal inakuruhusu kusema mipaka ya kitu. Mama alisema punguzo lisizidi asilimia 15. Nikaandika aina yangu: punguzo ni 0..15, nikawasha ukaguzi wa mipaka kwenye kompaila. Siku moja kijana wa kaunta alitaka kuandika 10, kidole kikagonga sifuri mara mbili, ikawa 100. Programu ikakataa hapo hapo, nami nilikuwa nimeandika ujumbe wa Kiswahili unaomwambia arudie. Niklaus Wirth, Mswisi aliyeitoa Pascal mwaka 1970, aliitengeneza kwa ajili ya kufundishia wanafunzi kufikiri kwa mpangilio. Alifariki tarehe 1 Januari 2024, na kila ninapoandika mstari wa aina hii naona mkono wa mwalimu.

Nisifie tu bila kusema nilipoumia, sitakuwa mkweli. Siku ya pili ya majaribio, kijana aliingiza mauzo ya kutwa nzima. Jioni alifunga kompyuta. Asubuhi hakuna hata mstari mmoja. Nilipigiwa simu saa moja na nusu: "Fundi, vitu vya jana vimepotea vyote." Nilitetemeka. Kumbe kosa lilikuwa langu. Hifadhidata ninayotumia ni SQLite, na vipande vya Lazarus vya kuiendesha vinaweka mabadiliko kwenye kumbukumbu ya muda. Unayaona kwenye jedwali, yanakaa vizuri, lakini hayajafika kwenye diski mpaka uite amri mbili za kuhifadhi, ApplyUpdates na kisha Commit. Mtu anayetoka kwenye mifumo inayohifadhi yenyewe atanaswa hapo. Sasa kila mauzo yakikamilika naviita vyote viwili, kwenye tukio la AfterPost, linalokuja baada ya rekodi kuingizwa. Ukipenda, TSQLQuery, kipande cha kuulizia hifadhidata, ina chaguo la sqoAutoApplyUpdates na la sqoAutoCommit, uviwashe mapema kabla hujamkabidhi mtu programu. Kilichotuokoa ni kwamba mama alikuwa amekataa daftari liondoke kaunta mpaka mwezi uishe. Nilikaa pale hadi adhuhuri nikiingiza mauzo kutoka kwenye mwandiko wake. Tangu siku ile umeme umekatika mara nyingi katikati ya kazi na hakuna risiti iliyopotea.

Kumbukumbu ya mashine unaisimamia mwenyewe. Kitu ulichokiunda kwa Create unakifuta kwa Free, ndani ya try na finally, ili kifutwe hata hitilafu ikitokea. Wiki za mwanzo nilisahau mara nyingi. Dawa yake ni kuwasha HeapTrc, kifuatiliaji cha kumbukumbu, kwenye mipangilio: ukifunga programu inakuonyesha kila kitu ulichokiacha na mstari kilipozaliwa. Fomu na vipande vilivyomo ndani yake vinafutwa vyenyewe, kwa hiyo mzigo si mkubwa kama wa lugha ya C.

Printa ya risiti na skana ya bakodi havikunisumbua.

Je, ni mimi peke yangu niliyerudi? Hapana. Mwaka 2025 Delphi na Object Pascal zilionekana tena kwenye kumi bora ya orodha ya TIOBE. Orodha hiyo inahesabu kurasa zinazoitaja lugha kwenye matokeo ya injini za utafutaji, haipimi ubora, ila inaonyesha kwamba inatajwa tena. Delphi ndiyo ndugu mkubwa wa Lazarus, iliyozinduliwa na kampuni ya Borland tarehe 14 Februari 1995, leo iko chini ya kampuni ya Embarcadero, na tangu 2018 ina toleo la bure kwa anayeanza. Masharti yake yasome: mapato yako yakipita dola 5,000 kwa mwaka unatakiwa kununua leseni. Kwa anayeuza kwa maduka matatu au manne kiwango hicho unakifikia upesi, na ndiyo sababu mimi nilichagua Lazarus.

Tena wengi wetu tunaitumia kazi ya Pascal bila kujua. FL Studio, ambayo watayarishaji wengi wa Bongo Fleva wameanzia humo, imeandikwa kwa Delphi. Inno Setup, inayosimika programu kwenye Windows za watu dunia nzima, ni Delphi. PeaZip, ya kubana mafaili, ni Lazarus. Lakini habari iliyonifikirisha zaidi ni ya Anders Hejlsberg. Huyu ndiye aliyeandika kompaila ya Turbo Pascal iliyouzwa mwaka 1983 kwa dola 49.95, akasanifu Delphi, akahamia Microsoft 1996, akatoa C# na baadaye TypeScript. Machi 2025 alitangaza kwamba kompaila ya TypeScript, iliyokuwa ikiendeshwa kwa JavaScript, inaandikwa upya kwa Go ili itoke kwa lugha ya mashine. Mradi wa VS Code, kihariri cha msimbo cha Microsoft, uliokuwa unakaguliwa kwa sekunde 77.8 ukashuka hadi 7.5. Hakurudi kwenye Pascal, lakini amerudi palepale alipoanzia: programu inayozungumza na mashine moja kwa moja.

Mapungufu yapo na nayataja kwa sababu naijali. Mwongozo una mashimo; kuna vipande unavyovielewa kwa kusoma msimbo wake tu, na mifano mingi iliandikwa zamani. Sura ya programu ni ya Windows ya kawaida, ukitaka rangi na michoro ya kisasa utatoka jasho. Kompaila inakwenda taratibu, toleo la 3.2.2 ni la 2021. Kwa simu za mkononi singeitumia. Na kijana anayetafuta ajira Dar au Nairobi asiifanye lugha yake ya kwanza, kwa kuwa matangazo ya kazi yanaomba mambo mengine. Nyongeza moja kuhusu Windows 7: mashine ya mama haijaunganishwa na intaneti, nami nakala ya akiba naichukua kwa flashi kila Jumamosi. Ingekuwa mtandaoni ningemshauri aibadilishe, maana hairekebishwi tena. Na Windows 10 nayo ilifuata Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta nzima nzima zinazoambiwa ni za zamani zitaongezeka madukani kwetu.

Inamfaa nani? Anayetengeneza programu za kaunta, zahanati, maghala, mashule, mahali ambapo mteja ana mashine yake na hana mpango wa kununua nyingine. Kwa kazi hiyo sijaona kinachoishinda, na mradi wangu unaofuata, wa duka la jumla pale jirani lenye kompyuta ya Linux, nautoa kwenye msimbo ule ule. Nimebadilisha sehemu ya printa tu.

Kwa mama madaftari yamepungua hadi limebaki moja, la madeni. Hilo bado analiandika kwa mkono wake, majina na tarehe za ahadi. Juzi nilipokwenda kuchukua nakala alinisogezea kiti akaniambia tutaliingiza baada ya Ramadhani, tukae wawili, yeye asome mimi niandike.