Uzoefu wangu na seti ya mapambo ya "kila kitu ndani": vijiti vya gundi haviendani na bunduki yake, halafu naambiwa sina kipaji

Jamani mnaopenda kujitengenezea mapambo ya nyumba kwa hela ndogo, kabla hamjabonyeza kununua hizi seti zinazoandikwa "kila kitu ndani" naombeni mnisikilize kidogo. Bado nina hasira kwa hiyo nikiandika ovyo mnivumilie.

Seti zenyewe mnazijua, ziko kibao onlaini. Unaletewa bunduki ya gundi ya umeme (kile kifaa kinachoyeyusha vijiti vya gundi), vijiti vyenyewe, kamba ya katani, vipande vya vitambaa, makaratasi ya rangi na kijikaratasi cha maelekezo. Mengine yote yako pale kwenye tangazo mtasoma wenyewe, mimi nimekuja kuongelea vijiti. Vijiti tu. Na yule kaka wa huduma kwa wateja, huyo ntamfikia.

Mimi nilikuwa na kioo cha duara ambacho stendi yake ilishavunjika zamani, na makatoni matupu yamejaa uvunguni mpaka basi. Nikasema badala ya kununua kioo kingine cha ukutani ntengeneze fremu. Sio kazi kubwa kabisa, unakata kadibodi duara tatu, unazipanga hivi: ya nyuma nzima bila tundu, ya katikati ina tundu la saizi ya kioo chenyewe, ya mbele tundu lake dogo kidogo kuliko kioo ili ile kingo ndo ishike kioo kisianguke. Halafu mistari ya ndani ya kadibodi unaipishanisha, ya duara moja imesimama na ya inayofuata imelala, la sivyo fremu ikikaa kidogo inajikunja. Ukimaliza unaizungushia kamba ya katani mpaka kadibodi isionekane. Basi. Hapo cha kununua ni gundi na kamba tu, na ndo maana nikaona seti inanifaa.

Paseli ikaja, nikafurahi, nikachomeka bunduki nikaiacha ipate moto. Nikaingiza kijiti kwa nyuma. Kikazama chote. Yaani hakikushika popote, kinacheza humo ndani hovyo hovyo, navuta triga hakuna kinachosogea, navuta tena wapi. Nikasema labda bado haijapata moto vizuri, nikasubiri, nikachukua kijiti kingine nikasukumia cha kwanza kwa mkono, hapo mbele ikachungulia gundi kidogo kisha nyuma nako ikaanza kutoka! Kule kwa kushikia! Gundi ya moto inatambaa kurudi nyuma inapita pembeni ya kijiti inakuja mpaka kwenye dole gumba langu. Wenye kujua gundi ya moto wanajua haidondoki ikaisha, inaganda pale pale ilipogusa na inaendelea kuunguza. Nilikimbilia bombani nikakaa na kidole kwenye maji yanayotiririka dakika 20 (na ndo inavyotakiwa, usiweke barafu wala usiibandue gundi kwa nguvu ikiwa bado ya moto, itaondoka na ngozi), huku kamba nimeshaikata, kadibodi zimetapakaa chini, na bunduki imeachwa juu ya meza inajichuruzikia yenyewe.

Nikachukua rula. Kijiti milimita 7. Tundu la bunduki milimita 11.

Kwa ambaye hajawahi kutumia, vijiti vya gundi vya kazi hizi za nyumbani huwa vya saizi mbili, vyembamba vya 7 na vinene vya 11, na bunduki nayo inatengenezwa kwa saizi moja au nyingine. Kijiti ndo kinatakiwa kijaze tundu, kile kigumu kinachoingia ndo kinasukuma iliyoyeyuka itoke mbele. Kikiwa chembamba gundi inapata upenyo inarudi nyuma. Sio elimu ya chuo kikuu hiyo. Mtu amekaa mahali anapanga vitu kwenye boksi, anaandika juu "kila kitu ndani", halafu anaweka bunduki ya huku na vijiti vya kule, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejaribu kukiingiza hicho kijiti aone. Hata mmoja!

Sawa, kukosea kupo. Nikapiga picha, rula pembeni ya kijiti, rula pembeni ya tundu, nikatuma kwa muuzaji kwa adabu zote, nikaanza na habari za kazi. Nilitaka tu wanibadilishie vijiti, vyenyewe ni vitu rahisi sana wala sikuomba hela yangu. Kaka akakaa kimya. Kesho yake ndo akaibuka: "Dada wateja wetu wote wanatumia vizuri tu." Nikamwambia kaka angalia picha. Akajibu nisukume kwa nguvu kidogo. Nikamwambia nimesukuma nimeungua, hivi picha umeiona? Ndo akaniandikia hii, naikariri mpaka leo: "Dada kazi za mikono zinahitaji mtu mwenye kipaji na uvumilivu, sio kila mtu anaweza."

Kipaji!

Nilikaa nikaisoma hiyo meseji nikacheka kwa hasira. Kipaji kinaingiaje kwenye tundu la milimita 11? Mimi nimekutumia rula wewe unaniletea kipaji? Halafu hii kauli naichukia tangu zamani, maana watu wengi wameacha kujaribu kutengeneza hata ua la karatasi kwa sababu mtu mmoja aliwaambia hawana mkono. Kuzungushia kamba kwenye duara la kadibodi hakuhitaji kipaji, kunahitaji gundi inayotoka. Na hao hao kwenye tangazo lao wameandika inafaa kwa anayeanza! Sasa anayeanza akikutana na haya si atajiona yeye ndo mbovu, ataitupa bunduki kabatini na kazi za mikono ataziacha hapo hapo, na wao wameshakula hela yake.

Nikamwambia basi nirudishe seti nzima. Akasema imeshatumika hairudi, kisha akamalizia "asante kwa kutuchagua" na kikatuni cha maua. Maua! Skrinshoti ninazo zote.

Kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa msinunue, nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haipo.

Ila sasa. Kiukweli (na inaniuma kusema) nilienda kununua vijiti vya 11 kwingine, nikavijaribu kwenye bunduki ile ile kwa shingo upande, na ile bunduki ni nzuri jamani. Inapata moto haraka, triga laini, unaminya kidogo inatoka kidogo, unaachia inakata. Na kile kimguu chake cha waya kinaishikilia vizuri mdomo ukiwa umeinamia chini, weka tu kipande cha kadibodi hapo cha kudakia matone. Fremu niliimaliza kwa kikao kimoja. Kamba nilianzia ukingo wa ndani, tone la gundi mwanzoni, nazungusha, kila baada ya mizunguko michache tone jingine, sio unapaka gundi kila mahali ikakuvimbia chini ya kamba. Zile nyuzi nyembamba za gundi zinazobaki zimetanda kama utando wa buibui nilizipitishia draya ya nywele, zikanywea zikaisha. Kioo kimekaa ukutani, wageni wananiuliza nimenunua wapi, nami najibu kwa madaha tu nimetengeneza mwenyewe. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilifungua simu niongeze nyota ziwe nne.

Bahati mbaya kabla ya kuongeza nikakisoma kile kijikaratasi cha maelekezo, ambacho mwanzoni nilikiruka. Hasira ikarudi upya.

Cha kwanza, wanasema kioo ukibandike kwa gundi moja kwa moja. Kwa gundi hii! Gundi ya vijiti haishiki vizuri kwenye vitu laini visivyonyonya kama kioo na vigae, leo inaonekana imekamata, baada ya muda inaachia kipande kizima safiii kama haikuwahi kubandikwa. Hebu fikiria kioo kiko ukutani juu ya kochi analolala mtoto. Ndo maana mimi nilikishikisha kwa kingo za kadibodi. Ukitaka kupamba chupa au jagi la kioo lisafishe kwanza kwa spiriti litoke mafuta ya mikono, gundi itumie kuanzia na kumalizia kamba tu, uzungushe kwa kukaza ili kamba ijishike yenyewe. Na ukikosea usikwangue kwa kisu, weka spiriti pembeni ya gundi, iache iingie chini yake, itabanduka.

Cha pili ndo kilinimaliza kabisa: wana picha ya kikopo cha mshumaa kimezungushiwa kamba ya katani kwa gundi hiyo hiyo. Mshumaa wa kuwasha, wenye moto! Gundi hii kuyeyuka kwa joto ndo kazi yake, na katani ikavu inawaka vizuri sana. Mtu unamfundisha anayeanza aweke moto ndani ya kitu cha namna hiyo sebuleni kwake? Kama unapenda ule mwonekano weka taa ndogo za betri, zinapendeza vile vile na nyumba inabaki.

Sitaki hata kuongelea yale mapovu meupe magumu (yale ya kufungashia TV na friji) wanayosema uyabandike kwa bunduki hii. Nilijaribu kipande, mdomo wa bunduki ukakitoboa. Bunduki za moto mkali zinafika karibu nyuzi joto 190, mapovu yanataka zile za moto mdogo, au gundi nyeupe ya kawaida.

Na kwa kuwa nimeitaja gundi nyeupe, mwenye bajeti ya mwisho kabisa wala asihangaike na bunduki. Gundi nyeupe ya maji inashika karatasi, kitambaa, kadibodi na mbao, hainyanyui nyuzi, haiunguzi mtu. Tatizo lake ni kusubiri. Unabana kwa vibanio vya nguo au unaweka vitabu juu ukalale, na usiimwage nyingi kwenye kadibodi maana ni ya maji, kadibodi italowa na kujikunja. Mimi sina subira hiyo ndo maana napenda bunduki, na ndo kinachonikera, kwamba kitu kizuri kimewekwa mikononi mwa watu wa hovyo.

Sasa niseme nini, ninunue au nisinunue? Bunduki peke yake, nunua, ila pima tundu kwanza na ununue vijiti vyako mwenyewe vya saizi yake. Seti nzima hapana. Au tuseme kama umeikuta kwa bei ya kutupa, chukua bunduki na kamba, kijikaratasi washia jiko. Nyota mbili. Tatu, maana kila nikipita pale ukutani naiona fremu yangu naitabasamia. Hapana, mbili, nimeikumbuka tena ile meseji ya kipaji, acha zibaki mbili.

Vile vijiti vya 7 bado ninavyo karibu mfuko mzima, mwenye bunduki ndogo aniambie nimpe bure.