Nimekulia Maji ya Chai, nikaogopa kupakwa floridi: uzoefu wangu

Nimezaliwa na kukulia Maji ya Chai, Arumeru. Mtu anayeujua upande wetu akisikia hivyo huniangalia meno kwanza, na kweli yana rangi ya kahawia. Maji tuliyokunywa utotoni yana floridi nyingi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, na ndiyo yanayotia ukahawia huo. Kwa hiyo dokta aliponiambia mwaka jana kwamba meno yangu yatatibiwa kwa floridi, nilifunga mdomo nikakaa wima kwenye kiti.

Shida yangu ilikuwa ganzi. Mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya haisi ya kwenda mjini, dirisha likiwa wazi kidogo tu, upepo ukigusa meno ya juu nilikuwa nasikia kama sindano inapanda hadi chini ya jicho. Nilisafiri nimejiziba mdomo kwa mtandio. Maji ya kunywa nilichanganya na ya moto, chai nikaisubiri ipoe. Kilichoniuma zaidi ni loshoro, chakula chetu cha maziwa mgando. Maziwa mgando yale yakigusa tu meno, naweka bakuli chini. Niliacha kuila kwa miezi minane.

Nilinunua dawa ya mswaki ya meno yenye ganzi, ikasaidia kiasi. Sehemu ya kwanza niliyokwenda walitaka kuning'oa meno mawili ambayo hata tundu hayakuwa nayo. Nikaondoka.

Kliniki ya pili ni ndogo, iko mjini. Dokta ni kijana, aliniamkia shikamoo kabla ya kuvaa glovu. Alipuliza hewa jino moja baada ya jingine, na kila nilipostuka akaandika. Kisha akauliza, "Mama, unapigaje mswaki?" Nikamweleza ukweli. Tangu nikiwa msichana nilionea aibu ule ukahawia, nikawa nasugua kwa mkaa uliosagwa na mswaki mgumu, kwa nguvu, kulia na kushoto.

Chanzo kilikuwa hapo. Ukahawia ule si uchafu, umo ndani ya jino lenyewe, hautoki kwa kusugua. Nilichokuwa nakiondoa miaka yote ni enameli, lile gamba gumu la nje la jino, na fizi zikarudi nyuma hadi mashina yakabaki wazi. Alinielezea kwamba chini ya enameli, na kwenye shina, jino lina vijitundu vidogo mno vyenye majimaji. Baridi ikigusa, majimaji yanasogea na kuushtua mshipa wa fahamu.

Nikamuuliza kwa hofu: floridi iliyoniharibu ndiyo itakayoniponya? Jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya, kwa sababu najua wenzangu wengi wa Meru na Hai wana hofu hiyo hiyo. Madoa yanaingia wakati jino linaumbika chini ya fizi, kwa floridi ambayo mtoto anaimeza kila siku, mpaka umri wa miaka 8 hivi. Meno ya mtu mzima yalishamaliza kuumbika, floridi haiwezi tena kuyatia madoa. Hii ya kliniki inapakwa juu, inashika, inasaidia kuziba vile vijitundu.

Aliniuliza kama nina pumu au aleji, maana kwenye vanishi, yaani hiyo floridi ya kupaka, kuna utomvu wa msonobari. Sina. Akasafisha, akakausha kwa pamba, akapaka kwa kibrashi kidogo. Vanishi yenyewe ina sodiamu floridi asilimia 5, kali kuliko dawa yoyote ya mswaki, ndiyo maana anapaka kidogo sana. Inanata, ina rangi ya manjano, na inanukia kama mbao mbichi. Mate yakiigusa inaganda. Haikuchukua hata dakika kumi, wala sikuchomwa sindano.

Nina lalamiko moja: waliponipangia miadi, hakuna aliyeniambia nile kwanza. Baada ya kupakwa unakaa saa kadhaa bila chakula kigumu wala chai ya moto, na mswaki ni mpaka kesho yake. Nilirudi Maji ya Chai na njaa tangu asubuhi.

Siku ya kwanza sikuona tofauti kubwa. Siku ya nne nilikunywa maji ya mtungi bila kufikiria, nikagundua nimeshameza. Jino moja la nyuma liliendelea kuuma. Niliporudi wiki ya tatu, dokta akakuta limepasuka kidogo, akaliziba. Kwa hiyo usipake ukakaa kimya kama jino moja linakusumbua peke yake.

Kinywa kizima nililipa shilingi 40,000, na inarudiwa. Mimi nimerudia baada ya miezi sita. Natumia mswaki laini sasa, mkaa nimeacha kabisa.

Watoto ni habari tofauti. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya kwetu vinapita hapo. Kuchemsha hakuiondoi. Magadi ya kuivishia makande nayo yana floridi. Binti yangu ana miaka mitano, anakunywa maji ya mvua tunayokinga kwenye simtanki, na makande yake nayaloweka usiku kucha bila magadi.

Jumapili iliyopita mama alipika loshoro. Nilikula ikiwa ya baridi, akaniongezea.