Barakoa ya Dräger X-plore 6300 na filta ya K2: inafaa kwa kazi gani ya amonia

Kwa kumwaga nje oili iliyojikusanya ndani ya mtambo wa kupozea wa amonia, hii ni barakoa nzuri. Kwa kuingia kutafuta uvujaji mkubwa haifai kabisa, muuzaji aseme atakavyo.

Uzuri wake ni kufunika uso mzima. Amonia hukimbilia penye unyevu, kwa hiyo macho huumia mapema, na barakoa ya nusu uso huyaacha wazi. Mikanda inashika sehemu tano, mpira wa EPDM unakaa vizuri usoni, na filta moja hujikaza kwa thredi ya Rd40. Kioo ni cha plastiki na hukwaruzika upesi. Kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, usikifute kikiwa kikavu.

Tazama utepe wa filta kabla ya kulipa. Kijani ndiyo K, ya amonia. Yenye kahawia peke yake ni ya mivuke ya rangi na vimumunyisho, haitakukinga. K2 hupimwa maabara kwa 5,000 ppm (sehemu kwa milioni za hewa), lakini namba hiyo si ruhusa ya kuingia: kuanzia 300 ppm amonia huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Ikifika hapo, au kama kiwango hakijulikani, ni mtungi wa hewa mgongoni tu.

Kwenye oili ndipo mafundi wengi huumia. Oili iliyopoa huwa nzito na kuziba njia. Fundi anaongeza kufungua valvu, kizibo kinaachia ghafla, na amonia ya kimiminika inafuata. Tenga chungu cha oili (chombo inamojikusanya) kwa kufunga valvu zake, acha amonia iliyomo ichemke irudi kwenye laini ya kufyonza, yaani bomba la kwenda kwenye kompresa, mpaka barafu ya nje iyeyuke, ndipo umwage. Mwishoni pawe na valvu ya springi inayojifunga ukiiachia. Kuifunga waya ibaki wazi ni kuiua kazi yake.

Kila ukivaa, ziba tundu la filta kwa kiganja, vuta pumzi: barakoa inywee na ibaki hivyo. Ndevu zikipita chini ya mpira, hewa itapenya tu.

Moto ni jambo jingine. Amonia huwaka ikifika asilimia 15 hadi 28 ya hewa, na ukungu wa oili hushusha kiwango hicho. Filta haisaidii hapo. Kinachohitajika ni feni ya kutoa hewa nje, swichi ya dharura nje ya chumba cha mashine na milango inayofunguka. Juni 2013, kiwanda cha kuku cha Dehui, China, kiliungua, amonia ikalipuka, na watu 121 wakafa. Milango ya kutokea ilikuwa imefungwa.

Nunua mbili, zitundike nje ya mlango wa chumba cha mashine, filta zikiwa bado kwenye pakiti. Andika tarehe ya kufungua, na filta iliyokutana na uvujaji itupwe.