Likizo bila malipo au kupunguza wafanyakazi?
Machi 2020 ndege za kimataifa ziliposimamishwa, hoteli za Malindi zilibaki na vitanda vimetandikwa, mgeni hakuna.

Kwa gharama, likizo bila malipo ni nafuu: hulipi kiinua mgongo, na kazi ikirudi mpishi wako yupo. Lakini sharti akubali, kwa maandishi. Tangazo lililobandikwa mlango wa jikoni si makubaliano, na mahakamani litakuponza.

Kupunguza kunauma mara moja. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inataka notisi ya mwezi, afisa wa kazi ajulishwe, na angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Ila hakumwachi mtu njia panda; hupata mtaji, hata wa mahamri.

Una hakika wageni watarudi Desemba? Zungumzeni likizo. Unafunga kabisa? Mlipe haki yake.