Vya kujazia boksi la sabufa ya gari: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Boksi ambalo kila wimbo linaupiga mdundo uleule mmoja, mzito na wa kuvimba, mara nyingi ni dogo kuliko sabufa yake inavyotaka. Tatizo hilo pamba ya kujazia ndani ya boksi inaweza kulipunguza. Boksi linalovuja hewa au lenye mbao zinazotetemeka, pamba haitalisaidia hata ukilijaza mpaka juu. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa piga sauti nzito ya Hz (mitetemo kwa sekunde) 30 au 40, lowesha kiganja kidogo, ukipitishe kwenye maungio, kwenye kibati cha nyaya na kuzunguka ukingo wa sabufa. Maungio yanayopuliza au kufoka yazibe kwa gundi ya mbao. Ukitumia silikoni yenye harufu ya siki, iache ikauke angalau saa 24 sabufa ikiwa nje, maana mvuke wake wa asidi unaweza kula metali.

1. Pamba ya poliesta. Hii ndiyo ya kwanza, tena kwa mbali. Ni ile nyeupe nyepesi inayojaziwa mito na wanasesere. Koni, yaani uso wa sabufa unaocheza, ikiibana hewa ndani ya boksi, hewa hupata joto na kuwa ngumu zaidi. Nyuzi hulipokea joto hilo, hewa ikalegea, na sabufa ikahisi imewekwa kwenye boksi kubwa zaidi. Kwa hesabu kikomo ni asilimia 40, lakini kwenye gari tegemea kati ya 10 na 25. Boksi la lita 25 likifanya kazi kama la lita 29 utalisikia: uvimbe unapungua na besi inashuka chini zaidi.

Kipimo ni gramu 8 hadi 16 kwa kila lita. Zidisha urefu, upana na kina cha ndani kwa sentimita, gawa kwa 1,000, kisha toa nafasi inayokaliwa na sabufa yenyewe. Boksi la 40 × 30 × 25 ni lita 30. Sabufa ikila lita 3 zinabaki 27. Anza na gramu 220, sikiliza nyimbo ulizozizoea, ongeza gramu 50 kila mara, na usivuke 430. Usikadirie kwa macho, tumia mizani ya jikoni, kwa sababu pamba iliyochambuliwa na iliyoshindiliwa hudanganya sana. Ukizidisha, nyuzi zenyewe zinaanza kula nafasi ya hewa na kuizuia isipite, na besi inakuwa butu.

Dukani soma lebo: poliesta 100%. Mto wenye vipande vya sponji haufai. Pamba ya shambani nayo inanyonya unyevu na kugandamana mabonge. Ukifika nyumbani ichambue kwa vidole mpaka ivimbe, itandaze sawasawa, na uache sentimita 5 wazi nyuma ya sumaku. Sabufa nyingi zina kitundu hapo cha kupoza koili, yaani waya uliosokotwa unaosukuma koni. Uzi mmoja ukivutwa ndani utaanza kusikia mkwaruzo, na koili inaweza kuharibika.

Yote haya ni ya boksi lililofungwa kabisa. Boksi lenye tundu la hewa usilijaze. Tundu linahitaji hewa icheze kwa uhuru, na pamba itaua hasa ile besi uliyolinunulia boksi hilo, halafu nyuzi zitatoka nje. Kwenye boksi la namna hiyo bandika kijazio kwenye kuta za ndani tu, unene wa sentimita 2 na nusu, mbali na mdomo wa tundu.

2. Felti nzito (kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa) au sufu ya kondoo iliyoshindiliwa. Kwa boksi lenye tundu hii ndiyo bora, kwa sababu inashika ukutani kwa gundi ya kupuliza na haimwagi nyuzi ovyo. Kwenye boksi lililofungwa inafanya kazi, ila faida yake ukiilinganisha na pamba ni ndogo na bei huwa juu.

3. Sponji yenye vilima kama trei ya mayai. Watu wengi hukimbilia hii, na ndiyo inayowapotezea pesa. Sponji hufyonza mawimbi yanayogonga kuta na kurudi, lakini kwenye boksi lenye urefu wa nusu mita mawimbi hayo huanzia karibu Hz 340, wakati sabufa huwekewa ukomo wa Hz 80 au 100, sauti za juu ya hapo haizipigi. Inunue kwa spika za mlangoni, huko ina kazi.

4. Pamba ya kioo na ya mwamba. Zinafyonza vizuri, lakini zinawasha ngozi, vumbi lake si la kuvuta, na mtikisiko wa gari unazisaga taratibu. Kama ndizo ulizonazo, vaa glovu na barakoa, na uzishonee ndani ya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa.

Karatasi za butili (mpira mzito unaonata) zenye uso wa alumini nimeziweka nje ya safu hii, kwa sababu kazi yake ni nyingine: kutuliza bati linalolia. Boksi linalotetemeka dawa yake ni mbao ya MDF (ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ya milimita 18 na mhimili wa ndani unaounganisha kuta mbili zinazotazamana. Butili ipeleke kwenye mfuniko wa buti na nyuma ya kibao cha namba. Milimita 2 zinatosha, na kufunika robo hadi nusu ya bati kunatosha pia. Futa bati kwa spiriti, bandika, kandamiza kwa rola mpaka alama za alumini zilale. Epuka za lami: jua likiwaka zinanuka, na zinaweza kubanduka.

Pamba nayo huporomoka gari likipita barabara mbovu. Baada ya wiki mbili fungua boksi. Ukiikuta imelala chini, ichambue upya na uishikize kwenye kuta kwa wavu wa plastiki na pini za stepla.