Meko ya chuma ya kiwandani: boksi ni zuri, kazi iko kwenye dohani

Nyumba nyingi za mbao Marekani na Kanada zina meko ya kuni isiyojengwa kwa tofali: boksi la chuma la kiwandani na dohani yake ya mabomba, vilivyopimwa pamoja. Marekani kiwango cha usalama kinachotumika kuipima ni UL 127. Haihitaji msingi mzito, na bei yake ni nafuu kuliko ya matofali. Tunaipa nyota nne kati ya tano. Ya tano tumeinyima kwa sababu makosa ya fundi hujificha nyuma ya ukuta.

Usalama wake ni hewa. Kwa modeli nyingi, kati ya dohani na mbao panatakiwa inchi 2 tupu, na hapo ndipo mafundi huharibu: hushindilia sufi ya kuhami joto wakidhani wanasaidia. Joto hukosa pa kutokea, mbao hukauka mwaka baada ya mwaka, na mbao iliyokaushwa hivyo hushika moto kwa joto dogo kuliko mpya. Darini weka ngao ya bati izuie sufi. Dohani inapopenya kila dari, weka bati la kuzuia moto. Vibati vilivyosimama juu ya boksi visikunjwe ili kuipa nafasi fremu ya mbao. Kazi ya vibati hivyo ni kuisukuma mbao mbali.

Kingine, vibati vyembamba vinavyoingia nusu chini ya boksi, nusu chini ya sakafu ya vigae iliyo mbele. Vikikosekana, kaa la moto hupenya kwenye ufa na kutua juu ya mbao. Sakafu hiyo itokeze inchi 16 mbele na 8 kila upande. Mdomo wa meko ukifika futi 6 za mraba, iwe 20 na 12.

Dohani ipite paa kwa futi 3, tena izidi kwa futi 2 chochote kilicho ndani ya futi 10. Ikiwa fupi, moshi hurudi sebuleni.

Mabomba ya kampuni mbili yasichanganywe hata yakiingiana vizuri. Dohani inayopozwa kwa hewa isizibwe silikoni kwenye mianya yake ya juu. Mkaguzi aitwe kabla ukuta haujafungwa kwa jipsamu. Na msiingize jiko la kuni ndani ya boksi hili kama kitabu cha maelekezo cha boksi hakiruhusu. Dohani ya boksi haikupimwa kwa joto la jiko hilo.